Kisiwa cha Profu

Profu hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyotangulia mwili, na akikusalimia unaona kabisa kwamba tayari anafikiria kitu kingine. Tulimwita Profu kwa sababu sisi Wakongo humwita hivyo kila mtu anayefundisha sekondari, hata kama anatembea pekupeku. Yeye viatu alikuwa navyo. Vilikuwa vyeusi vya ngozi, lakini udongo wa huku Makere, ilipo kambi yetu, ulivila mpaka vikawa rangi ya matofali. Hata hivyo kila asubuhi alivipiga brashi mlangoni kwake, na sisi majirani tuliamshwa na sauti ya hiyo brashi.

Alinifundisha baiolojia katika shule ya kambi miaka yote niliyosoma, na aliendelea miaka mingi baada yangu. Naandika haya nikiwa bado humu humu kambini, mama wa watoto wawili, na watu wazima wengi ninaopanga nao foleni bombani walipitia mikononi mwake. Mtaje tu uone. Kwanza watacheka, kisha watanyamaza na kutazama ndoo zao. Wanachocheka ni kisiwa, na kinachowanyamazisha ni kuni, na mimi siwezi kusimulia kimoja nikaacha kingine.

Asiyejua maisha yetu inabidi aelewe kwanza kwamba mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Tuko juu huku milimani, katikati ya vijiji vya Waha, na ziwa liko mbali, kule mabasi yanakoteremkia. Wengi wetu darasani tulizaliwa hapa, na waliobaki waliletwa wakiwa mgongoni. Mto mkubwa hatukuwa tumeuona, sembuse ziwa. Sasa katika somo la baiolojia kulikuwa na mada ya viumbe wa visiwani, na mada hiyo ilitaka wanafunzi wapelekwe kisiwani wakajionee kwa macho. Profu aliomba kibali cha kutupeleka Kigoma mjini, angalau tusimame ufukweni tuone maji yanavyozunguka kitu. Alijibiwa kwamba haiwezekani. Mwaka uliofuata akaomba tena, kwa sauti ile ile ya upole, akajibiwa vile vile.

Hakulalamika mbele yetu. Aliingia darasani, akafuta ubao kwa kiganja, akasema, "Bon. Tutaenda kisiwa ingine."

Kisiwa chenyewe kilikuwa kichuguu. Upande wa mashariki wa kambi kuna bonde ambalo masika hujaa maji yakafika magotini, na katikati ya bonde hilo kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko nyumba yoyote ya kambini, cha zamani, ambacho mchwa wake walishahama na miti ikaota juu yake. Palikuwa na mkuyu mmoja mnene, mizambarau mwitu, na vichaka vya miiba vilivyoshikana chini. Sehemu nyingine zote za kambi zilikuwa zimekatwa zamani, hata mizizi imechimbuliwa. Ukisimama mlangoni kwetu ukatazama huko, hicho ndicho kitu pekee cha kijani kilichoinuka juu ya mapaa.

Safari ya kwenda huko ilichukua muda mfupi kuliko kwenda kliniki, lakini Profu hakukubali iitwe matembezi. Ilikuwa safari. Wiki nzima kabla, alituagiza tuandae mfuko wa nguo, chakula cha njiani na kipande cha turubai cha kujifunikia mvua. Asubuhi ya kuondoka kila mwanafunzi alitakiwa kumuaga mama yake mlangoni, kwa maneno kamili, na mama amjibu. Mwaka wa kwanza mama zetu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yangu aliniambia, "Mtoto, naweza kukuona huko nikiwa nakoroga uji." Mwaka wa pili nikamkuta amenichemshia mahindi usiku, ameyafunga kwenye kitambaa safi, na aliponishika mkono mlangoni hakucheka. Nadhani alikuwa anasubiri kwa hamu nafasi ya kumuaga mtu anayekwenda mahali na kurudi. Mpaka leo akina mama wa mtaa wetu wanakumbuka nguo gani waliwavika watoto wao siku ya kisiwa.

Tulivuka maji tumekunja suruali na sketi, vitabu kichwani. Tukifika alitugawa sehemu, kila mtu kipande chake cha kichuguu, na hapo tulikaa tukaangalia. Alikuwa na maneno aliyoyarudia bila kuchoka. "Andika kile unaona, si kile unajua." Kama umeandika kinyonga ni wa bahati mbaya, alikukata alama. Kama umeandika kinyonga ana jicho moja linatazama mbele na lingine linakutazama wewe, alikupa zote. Tuliona mijusi wenye mikia ya buluu ambao sikuwahi kuwaona penginepo kambini, konokono wadogo weupe, popo waliojikunja chini ya majani ya mkuyu, na buibui wenye nyumba za mlango. Alituuliza kila mmoja alifikaje hapo. Huyu kwa upepo, huyu tumboni mwa ndege, huyu juu ya gogo. Kisha akatufundisha jambo ambalo darasa zima tulilichukua tukaenda nalo nyumbani, kwamba kiumbe akikaa kisiwani kizazi baada ya kizazi hugeuka, wakubwa wanakuwa wadogo na wadogo wanakuwa wakubwa. Sisi tuliielewa mara moja. Tulikuwa na jirani aliyekuwa mkuu wa wilaya kwao, sasa anaziba ndoo zinazovuja, na mwenyekiti wa mtaa wetu kwao alikuwa mchunga mbuzi.

Ni siku hiyo pia alipouliza swali ambalo lilimgeukia. Alimshika kinyonga kwenye kijiti akauliza, "Huyu, ni nini inamukataza kwenda ng'ambo ile?"

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Hana kibali, Profu."

Hakuna aliyecheka. Wengine waliinamisha vichwa wakaandika, na mimi niliandika. Lilikuwa jibu zuri na lilijitosheleza. Profu aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alipoinuka alisema, "Maji. Andikeni maji." Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula nusu ya darasa tuliandika kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa pande zote na mahali ambapo huruhusiwi kupita. Alitupa nusu ya alama, na hakutueleza kwa nini alitupa hiyo nusu.

Nyumbani kwake hakupanda kitu. Hili liliwakera majirani, kwa sababu kila mtu hapa hupanda, hata mchicha kwenye kopo. Ua wake ulikuwa mtupu, umefagiliwa, umekauka kabisa. Aliulizwa akajibu kwamba mti ni wa mtu anayebaki. Miaka ikaenda. Baba mmoja wa jirani alimtania, "Profu, mpapai ungeupanda ile siku umefika, ungekuwa umeshazaa na kufa." Profu alicheka naye, akaingia ndani kusikiliza redio ya kwao, na mpapai hakupanda. Mtu huyo huyo asiyetaka hata mchicha mlangoni alikijua kila kichaka cha kichuguu kile, na alikuwa akienda huko peke yake jioni, anakizunguka mikono nyuma, anarudi.

Sasa nije kwenye kuni. Kambini tunapewa unga na njegere, ila moto hatupewi. Njegere zile haziivi kwa maneno, zinataka moto wa nusu siku. Kuni ziko nje ya mpaka, msituni, kupita mashamba ya Waha, na wanaozifuata ni wanawake. Ukikamatwa na askari unanyang'anywa mzigo au unalala ndani. Ukikutwa shambani kwa mtu, mwenye shamba ana panga na ana hasira, na sisi hatukuwa wa kwanza kumharibia. Na mbali zaidi, msituni kwenyewe, kuna wanaume ambao hakuna anayejua wanatoka wapi. Mama yangu alikuwa akiondoka alfajiri na wenzake, na mimi nilikuwa sili mpaka nimwone anarudi. Nilipokua nikawa naenda naye siku ambazo hakuna shule, na siku nyingine ambazo shule ipo.

Njia ya kuni ilipita pembeni ya bonde. Kila mwanamke wa upande wetu alipita akiwa mikono mitupu akakiona kile kichuguu na miti yake, na alirudi jua likizama na mzigo kichwani akakiona tena. Na hakuna aliyekata hata tawi, kwa sababu kulikuwa na koboko.

Koboko huyo aliletwa na Profu. Mwanzoni kabisa, kabla hata sijaanza kusoma kwake, alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akamwambia kwamba ameona pale nyoka mweusi mrefu kuliko fimbo ya mchungaji, na kwamba yeye kama mtu wa baiolojia anashauri mtu asisogee, ila wanafunzi tu, wakiwa pamoja naye, kwa kuwa yeye anajua jinsi ya kumkwepa. Habari ya nyoka haihitaji kusukumwa. Wiki haikupita ikawa mtu fulani amemsikia akiwika, na mwingine amepoteza mbuzi.

Sisi wanafunzi tulijua kwamba hakuna koboko. Tulikuwa tumeinua kila jiwe. Tulipomuuliza, alituangalia kwa uso wa mtihani akasema, "Mukiulizwa, museme hamujamuona. Ile ni kweli." Basi tuliulizwa, tukasema hatujamwona, na watu wakasema mnaona, anajificha. Hivyo ndivyo mwalimu aliyetukata alama kwa kuandika tusichokiona alivyolinda miti yake kwa nyoka asiyeonekana. Tulikuwa watoto, tulifurahia kuwa na siri na mtu mzima. Kwamba siri hiyo ilikuwa inapita mlangoni kwetu kila alfajiri ikiwa na kamba na panga, hatukuwaza.

Aliyeijua siri na akaibeba kuliko sisi wote ni mke wake. Tulimwita Mama Profu. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti inayosikika mtaa wa tatu, na alikuwa akitania watu mpaka kwenye msiba. Alikwenda kuni na mama yangu. Walitembea pamoja miaka mingi, na pale pembeni ya bonde alitazama mbele tu kama wenzake. Mama yangu anasema hata siku moja hakupunguza hatua.

Kuna mwaka mvua ilitukuta juu ya kichuguu. Haikuwa mvua ya kujikinga na turubai. Maji ya bondeni yalipanda tukiwa tunayatazama, yakafika kiunoni, yakaanza kuvuta. Profu alitukusanya chini ya mkuyu akaendelea kufundisha, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. Ng'ambo walikuwa wamekusanyika mama zetu. Maji yaliwatisha, lakini kilichowaliza ni kingine. Tuliwasikia vizuri: watoto wamefungiwa na koboko, na maji yakimtoa shimoni atapanda wapi kama si pale pale walipo watoto. Mama mmoja alianguka chini. Walimwita Profu kwa majina yote, wakimuuliza nyoka yuko wapi.

Tulimtazama. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na akina mama wale wote wangetulia. Alipaza sauti, akasema, "Batoto biko muzima! Nyoka analala!"

Basi Mama Profu akafunga kitenge kiunoni akaingia majini. Peke yake. Maji yalimfika kifuani, akaja na ncha moja ya kamba ya kuni mkononi, nyingine amewaachia wenzake, huku anatukana mvua, akaifunga kwenye mkuyu, na kwa kamba hiyo tulivushwa mmoja mmoja. Alipompita mumewe nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, "Nyoka yako amelala vizuri?" Kambi nzima ilibaki na mshangao, mwanamke huyu amewezaje kwenda kwa koboko bila kuogopa. Wakaamua kwamba ana dawa ya nyoka kutoka kwao. Kuanzia hapo watu waliumwa na ng'e wakapelekwa kwake, naye aliwafunga kitambaa, akawapa chai ya chumvi, akawafukuza.

Hiyo siku tulirudi nyumbani salama, na kichuguu kikapata heshima zaidi.

Siku ambayo mambo yaligeuka ilikuwa ya kiangazi, na wanawake walikuwa wameenda mbali zaidi kwa sababu karibu hakuna kitu. Walirudi wakikimbia, bila mizigo, wengine bila viatu. Wanaume wenye mapanga waliwatokea msituni. Kila mtu alikimbilia anakojua. Mama yangu alifika akiwa ameshika ubavu, akahesabu wenzake kwa macho, na Mama Profu hakuwepo. Profu alisimama kwenye mpaka wa kambi mpaka kukapambazuka. Asingeruhusiwa kupita, na sina hakika kama alijaribu. Sikumuuliza hilo.

Asubuhi alikuja mkulima mmoja Muha wa Makere aliyezoea kutuuzia mihogo. Alikuwa anasukuma baiskeli, na Mama Profu amekaa nyuma kwenye keria, mkono wake wa kulia umefungwa kwa gamba la mgomba.

"Amahoro," alitusalimia kwa Kiha. "Mama huyu nimemukuta mu korongo, chini ya shamba yangu. Amelala humo usiku wose, kupanda hawezi. Nilisikia sauti nikadhani ni ndama ya mutu."

Watu walimshukuru, wakampa maji ya kunywa. Alimwangalia Profu, viatu vyake, akauliza bila ubaya, "We ndo bwana wake? Huku kwenu hamuna miti kweli? Mimi nikipita kule barabarani naona miti."

Profu aliikamata baiskeli. Alimteremsha mke wake. Mama Profu, ambaye alikuwa na neno kwa kila mtu, aliwapita wote. Aliingia ndani akageukia ukutani.

Siku mbili baadaye, wakati foleni ya bomba ni ndefu, Profu alikuja pale. Mwanamume mzima haendi bombani asubuhi kama hana la kusema, kwa hiyo watu walinyamaza kabla hajafika.

"Bamama," alisema. "Pale kichuguu hakuna nyoka. Mimi njo nilitunga. Mulete mapanga."

Mama yangu alikuwa mbele kabisa, ndoo yake inajaa. Aliifunga koki.

"Hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Nilikuwepo. Nilifikiri watampiga, na nadhani hata yeye alifikiri hivyo, maana alivua miwani akaiweka mfukoni. Hawakumpiga. Mama yangu alifungua koki tena, ndoo ikajaa, akajitwika, akaenda nayo nyumbani bila kumwangalia. Alirudi na panga. Mchana huo nusu ya mtaa ilikuwa bondeni. Profu alianza kukata yeye mwenyewe, na alikuwa hajui, panga lilimrukia mpaka akaumia kwenye goti. Wanafunzi wa mwaka huo walikuja wakasimama pembeni na madaftari. Walisubiri awaambie waandike. Hakuwaambia. Mkuyu ulianguka jioni, popo wakaruka wote kwa pamoja kungali na mwanga, hawajui pa kwenda, na watoto wadogo waliwafukuza kwa mawe. Mpaka kesho yake ikawa rundo la udongo tu, limekaa katikati ya bonde.

Nililia siku hiyo. Nilikilia kisiwa, na nilimlilia mama, na vilio viwili hivyo havikutaka kukaa pamoja.

Ukiona nasema hivi usidhani miti ile ingetuokoa. Kuni za kisiwa kizima hazikumaliza mwezi. Zilipikia njegere zetu, tukafurahi, zikaisha, wanawake wakarudi msituni njia ile ile. Kilichobadilika ni kwamba Profu alianza kwenda nao.

Hili liliwachekesha wanaume wa kambi kwa muda mrefu. Mwanamume hachukui kuni hapa, akichukua anakata gogo abebe begani, tena kwa sababu ya biashara. Profu alibeba mzigo wa kawaida, wa vijiti, juu ya kichwa, na ngata ya kitambaa chini yake. Alijifunza kusuka ngata kwa wanawake. Shingo ile ndefu ilikuwa ikitikisika mpaka unamwonea huruma. Siku za shule alifundisha, na siku nyingine alikuwa kwenye mstari, wa mwisho, akitembea na viatu vyake. Mke wake hakwenda tena, mkono uliunga vibaya. Wanawake wengine walimsamehe wakamtania, wengine walikubali atembee nao lakini salamu hawakumpa. Mama yangu alikuwa katika hao wa pili mpaka alipoacha kwenda, akaniachia mimi zamu yake.

Kwa hiyo nimetembea na Profu kuliko nilivyokaa darasani mwake. Njiani hakuongea sana. Alikuwa anasimama kuangalia kitu, mdudu au alama ya kwato, na sisi tulimwambia twende, akaja. Shule za kambi zilianza kupungua. Tuliambiwa, na tunaambiwa bado, kwamba wakati wa kurudi kwetu umekaribia, na wengine wameondoka, na waliobaki wanasubiri bila kujua wanachosubiri. Masoko yamefungwa, baiskeli zimepunguzwa, mpaka wa kutembea umesogea karibu na milango yetu. Siku hizi hata kwenda shambani kwa yule mkulima wa Makere kununua mihogo ni kosa.

Kiangazi kilichopita tulikuwa tunarudi, Profu na mimi na wanawake wawili. Tulikuwa tumeshaona mapaa ya kambi. Gari la askari likaja barabarani, nasi tukaangusha mizigo tukalala kwenye nyasi. Lingepita tu, lakini lilipata pancha karibu kabisa na tulipolala. Askari walishuka, wakaanza kutafuta jeki, mmoja akawasha muziki kwenye simu. Jeki haikufanya kazi. Walikaa chini ya kivuli cha gari wakapiga simu Kasulu waletewe nyingine.

Jua lilikuwa utosini. Hatukuweza kusogea mbele wala nyuma. Wale wanawake wawili walikuwa mbali kidogo, na Profu alikuwa karibu yangu, uso kwa uso, shavu lake kwenye udongo. Amezeeka. Kwa karibu vile nilimwona kama simjui. Na kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa kunong'ona, kama ile miti aliipenda kuliko sisi.

Alifikiri. "Hapana," alisema. "Miti ni miti."

"Sasa ilikuwa juu ya nini, Profu?"

Askari mmoja alicheka kitu kwenye simu.

"Fasi yote, kila pahali, mimi njo nakatazwa," alisema. "Kwenda, nakatazwa. Kulima, nakatazwa. Kuuza, nakatazwa. Pale kichuguu, mimi njo nilikuwa nakataza." Alilamba midomo iliyokauka. "Nilipenda ile. Nilipenda sana."

Miaka yote nilikuwa nimemtetea. Niliwaambia wenzangu bombani kwamba Profu alikosea kwa sababu ya elimu, kwa ajili yetu, ili tuone angalau kitu kimoja kwa macho. Nilikuwa nimeshamwandalia hata jibu la mbele za Mungu. Sasa nikawa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka, na sauti ilinitoka kubwa kuliko inavyofaa.

"Mama yangu alikuwa anapita pale na mzigo kichwani. Leo hageuzi shingo."

"Najua," alisema Profu. "Nilikuwa namusalimia."

Nilitaka kuinuka nimwache pale. Nilitaka nitembee mbele yake nisigeuke, kama mama alivyofanya bombani. Lakini gari lilikuwa bado lipo, na askari mmoja alikuwa amesimama anatazama upande wetu, mkono juu ya macho. Profu alinyoosha mkono polepole, akavuta nyasi akazilaza juu ya kitambaa changu chekundu cha kichwani ili kisionekane. Nikamwacha afanye. Tukabaki tumelala hivyo, tunatazamana, tunasubiri jeki kutoka Kasulu.